Kusimulia Bila Hakimu



Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi hapa London dhidi ya serikali ya Uingereza. Walikuwa Ndiku Mutua, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi, Jane Muthoni Mara na Susan Ngondi. Madai yao yalihusu mateso waliyoyapata vizuizini katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari na vita vya Mau Mau. Susan Ngondi alifariki kabla shauri halijafika mbali. Serikali ilijitetea kwanza kwamba dhima ya mambo ya kikoloni ilihamia kwa Kenya huru mwaka 1963. Jaji McCombe alipoukataa utetezi huo Julai 2011, ikaja hoja ya pili, kwamba muda umepita mno. Oktoba 2012 jaji huyo huyo akaamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, alisimama bungeni akaeleza masikitiko ya serikali, na wadai 5,228 wakaahidiwa malipo ya jumla ya pauni milioni 19.9.

Wazee walishinda, lakini hawakushinda kwa maneno yao peke yake. Kesi ikiendelea ilibainika kwamba serikali ilikuwa imeweka mafichoni mafaili yapatayo 8,800 ya makoloni yake 37 ya zamani, katika jengo la Hanslope Park huko Buckinghamshire, na kati ya hayo yapata 1,500 yalikuwa ya Kenya. Kabla ya hapo, mwaka 2005, mwanahistoria Caroline Elkins alikuwa ametoa kitabu kilichotegemea sana maelezo ya wazee walionusurika, na wako wanahistoria wenzake waliomlaumu kwa kuyaamini mno maelezo hayo. Mafaili yalipofunguliwa, mengi ambayo wazee walikuwa wakiyasema tangu zamani yalikutwa humo, yameandikwa na maafisa wenyewe wa kikoloni. Ndipo yakawa kweli mbele ya sheria.

Kundi la pili, la wadai zaidi ya 40,000, halikubahatika. Mwaka 2018 mahakama hapa London iliyatupa madai yao. Muda ulikuwa umepita mno, na kumbukumbu za watu waliofikia uzee wa miaka themanini na tisini hazikuonekana kuwa msingi wa kutosha wa kuendesha kesi ya haki.

Mahakama ina kazi yake na kanuni zake, na leo sikuja kuihukumu. Nimeitaja kesi hii kwa sababu inaonyesha jambo linalowapata wazee wetu katika mji huu kila siku, pasipo majaji wala magazeti. Tunasema wazee wa Afrika Mashariki walioko London hawajasimulia maisha yao, kwa hiyo tukimbilie kuwarekodi kabla hawajaondoka. Mimi nasema wameshasimulia, tena mara nyingi, na kila mara aliyekaa mbele yao alikuwa na kalamu ya kukubali au kukataa. Simulizi iliyopita njia hiyo hubadilika umbo. Kazi ya kuhifadhi iliyo mbele yetu ni kuwapa wazee nafasi ya kusema tena, safari hii bila ya mtu wa kutoa hukumu.

Fikirini mama aliyefika hapa katika miaka ya 1990, akitokea Barawa au Bukavu. Alipelekwa Lunar House, ofisi ya uhamiaji iliyoko Croydon. Akahojiwa: ulitoka lini, saa ngapi, mlikuwa wangapi ndani ya gari, bunduki zilikuwa za aina gani. Maelezo yakasomwa na wakili, akayapanga upya. Pengine baada ya mwaka yakasomwa tena mbele ya jaji wa rufaa, tarehe zikalinganishwa, na tofauti ya siku mbili ikatosha kumfanya aonekane mwongo. Akatoka hapo akaenda kwa daktari, kisha ofisi ya nyumba ya halmashauri, kisha shule ya watoto. Kote huko alieleza maisha yake, na kote alijifunza jambo lile lile: shika tarehe, usiongeze, usicheke, usilie zaidi ya kiasi, usitaje lolote la furaha kwa sababu litaharibu madai.

Leo mjukuu wake amepewa kazi ya shule amhoji bibi. Anakaa naye sebuleni, anawasha simu, anauliza kwa Kiingereza: bibi, kwa nini mlikimbia? Bibi anajibu kwa dakika tatu. Majibu yamenyooka, hayana doa. Nimezisikia rekodi za namna hii nyingi, na nimetambua kwamba ninachokisikia ni maelezo yaliyosomwa Croydon miaka thelathini iliyopita. Ameulizwa kwa sauti ya ofisi, naye amejibu kama anavyojibiwa mtu wa ofisi. Mjukuu anafunga simu akiamini amepata historia ya bibi yake. Hajui kwamba bibi alikuwa fundi wa kofia, kwamba alimpenda mtu kabla ya babu, wala kwamba nyumba yao ilikuwa na kisima ambacho mtaa mzima ulikunywa humo.

Wenzetu wa Karibi waliyaona haya kwa ukali wake mwaka 2018, katika ile kashfa ya Windrush. Watu walioingia nchi hii wangali watoto, wakafanya kazi maisha yao yote, waliambiwa walete karatasi za kuthibitisha kila mwaka waliokaa hapa. Kadi za kushukia melini, ambazo zingewasaidia, Wizara ya Mambo ya Ndani ilikuwa imekwisha kuziharibu mwaka 2010. Neno la mzee aliyesema nimekuwa hapa tangu utoto wangu halikuwa na uzito wowote.

Naomba nikae zaidi kwa Wabarawa, kwa kuwa kisa chao kimelikusanya hili suala lote mahali pamoja, na kwa kuwa wengi wetu tunaosema Kiswahili tumewasahau kuwa ni ndugu zetu wa lugha.

Barawa ni mji wa pwani ya kusini ya Somalia. Lugha ya wenyeji wake, Chimiini, ni jamaa ya karibu ya lahaja zetu za kaskazini, na aliyezoea Kibajuni au Kiamu akisikiliza kwa makini ataokota mengi. Watu wa Zanzibar na Mombasa wanaujua mji huo kwa kofia zake na kwa masheikh wake. Sheikh Abdulaziz al-Amawi, aliyekuwa kadhi Zanzibar na kufariki mwaka 1896, alizaliwa Barawa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyeieneza tarika ya Qadiriyya pwani yote hii mpaka akauawa mwaka 1909, alikuwa mtu wa Barawa. Na alikuwako mwanamke, Dada Masiti, aliyefariki mwaka 1919, ambaye tenzi zake za dini kwa Chimiini zilishikwa na wanawake kwa moyo, mama akimfundisha binti.

Vita vya Somalia vilipofika Barawa mwaka 1991, watu wasiokuwa na jeshi la ukoo wa kuwalinda waliporwa na kuuawa. Waliojaaliwa kupata vyombo walivuka bahari hadi Mombasa, wakakaa kambini huko, kisha wakatawanyika. Wengi walifika London na kutulia Barnet, kaskazini ya mji. Huko wakaanzisha kituo chao Muswell Hill, barabara ya Coppetts, watoto wakisoma Qur'ani na wakubwa wakikutana.

Sasa angalieni yaliyoipata lugha yao hapa. Katika miaka ya 2000, Wizara ya Mambo ya Ndani ilianza kutumia kampuni ya Sweden kuwapima kwa lugha watu waliosema wanatoka Somalia. Mtu alizungumzishwa kwa simu kwa muda mfupi, sauti yake ikanaswa, wachambuzi wakaisikiliza na kuandika kama kweli anatoka anakosema. Suala hilo lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza, na mwaka 2014 majaji wakaeleza mipaka ya namna ripoti za aina hiyo zinavyoweza kutegemewa. Na hata kabla ya kampuni hiyo, Mbarawa aliyeomba hifadhi aliweza kuulizwa Chimiini chake kama dalili kwamba kweli ni Mbarawa. Huenda basi wako watu katika mji huu ambao mara ya kwanza sauti yao kunaswa ilikuwa ni kwa ajili ya kuchunguzwa kama wanasema kweli. Lugha ya Dada Masiti, lugha ya kubembelezea watoto, iligeuzwa kuwa kielelezo cha kesi.

Usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 2013, wiki mbili baada ya mwanajeshi Lee Rigby kuuawa Woolwich, kituo cha Muswell Hill kiliteketea kwa moto, na ukutani yakakutwa maandishi ya herufi za kundi la chuki dhidi ya Waislamu. Siku ya pili yake ndiyo Hague alisimama bungeni juu ya Mau Mau. Sisemi mambo haya mawili yana uhusiano. Ila mimi huyakumbuka pamoja, kwa sababu katika juma moja mji huu uliwasikia wazee wa jamii moja ya Afrika Mashariki, na ukawatia wazee wa jamii nyingine mkosi wa pili baada ya ule uliowatoa kwao.

Wabarawa hawakukaa kulia. Tenzi zao zimekusanywa. Mwaka 2018 Alessandra Vianello, Lidwien Kapteijns na Mohamed Kassim walitoa kitabu kikubwa chenye tenzi za dini za Barawa kwa Chimiini pamoja na tafsiri. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh walikuwa wametoa kamusi ya Chimiini. Kazi hizo ni hazina. Bado lakini hazitoshi kumjibu mtoto wa Barnet anayetaka kujua bibi yake alikuwa akifanya nini Alhamisi jioni, nani alimfundisha kudarizi, na alisema nini alipoiona Ngome ya Fort Jesus kutoka baharini akiwa na watoto wanne na hana kiatu.

Hapa mtu atauliza: London si mji wenye makumbusho na maktaba za kila namna? Hawakuwa wakikusanya mambo ya Waswahili tangu zamani? Walikuwa wakikusanya. Na iko hadithi moja ya mkusanyo ambayo kila anayeifanya kazi hii anapaswa kuijua.

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki karibu mwaka 1840. Mashairi yake hayakuwa yamekusanywa kitabuni. Yalibaki vichwani mwa watu wa Mombasa kwa muda wa miaka arubaini hivi, mpaka mwanachuoni wa mji, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, alipoyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akishirikiana na mmishenari William Taylor aliyefika pwani mwaka 1880. Sikujua hakuleta beti tupu. Aliyajua mambo yaliyoyazaa, ugomvi wa Mazrui na Sayyid Said, mafumbo, nani alikuwa anatupiwa kijembe. Karatasi hizo zikaishia chuo cha SOAS, hapa Bloomsbury. William Hichens akatoa diwani mwaka 1940 Afrika Kusini, na Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa, akazirudia na kutoa kitabu chake mwaka 1979.

Najivunia kwamba zipo. Nimezishika kwa mikono yangu na nimemshukuru Mungu. Lakini mikusanyo ya huko inaitwa kwa majina kama Taylor na Hichens, na Mwalimu Sikujua, ambaye bila yeye tusingekuwa na Muyaka, anatajwa ndani. Hata hao waliomsomea Sikujua, wazee na pengine akina mama waliokuwa wanayakumbuka mashairi hayo, hatuwajui. Ninapoona leo mradi umepata fedha, vijana wanakwenda kwa wazee na vinasa sauti, halafu jina linaloandikwa juu ya mkusanyo ni la taasisi au la mtafiti, naona tunayarudia makosa hayo bila ya kisingizio walichokuwa nacho watu wa karne ya 19.

Kinyume chake upo mfano mwema. Katika miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Waliwahoji kwa Kiswahili, wakawaacha waseme. Kitabu cha Kiingereza kilitoka mwaka 1989, na mwaka 1991 kikatoka cha Kiswahili, yaani maneno yao wenyewe kama yalivyotoka. Someni hicho cha pili. Mtaona mambo ya ngoma, ya ndoa, ya utumwa na ya ugomvi wa majirani yanavyoshikana katika sentensi moja, kwa mpango ambao hakuna fomu ya maswali ingeweza kuupanga. Majina ya hao bibi ndiyo yanayokibeba kitabu.

Na Dar es Salaam, mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu walirudi vijijini kwao wakati wa mradi wa utafiti wa Maji Maji, wakawakuta wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905. Mwanafunzi alikwenda kwa watu waliomjua baba yake, akauliza kwa lugha ya nyumbani, akakaa. Lau wangechelewa miaka kumi, wangekuta makaburi.

Sasa niseme tunavyopaswa kufanya hapa, na nitasema kwa kirefu penye jambo.

Jambo kubwa ni baraza. Miongozo ya Uingereza ya kurekodi historia ya mdomo, ambayo ni mizuri na imejengwa na watu wa maana kama Paul Thompson, aliyesaidia kuasisi mradi wa National Life Stories mwaka 1987, inapendelea chumba kimya, msimuliaji mmoja, muulizaji mmoja. Kwa wazee wa Kiingereza waliozoea ukimya huo inafaa. Mzee wetu ukimweka peke yake chumbani, kinasa sauti mezani, mtu mgeni mbele yake, umemrudisha Croydon. Kwetu historia husemwa barazani. Mmoja anaanza, wa pili anamkata, siyo hivyo bwana, ile ilikuwa kabla ya mvua kubwa. Wa tatu anacheka kwa sababu anajua kwa nini wa kwanza ameliruka jina la fulani. Katika kukosoana huko ndimo tarehe zinamopatikana, tena kwa uhakika kuliko kwa kuuliza. Basi tuwakusanye watatu au wanne waliotoka mtaa au mji mmoja: Mji Mkongwe, Kibokoni, Ng'ambo, Barawa, Bukavu. Tuweke vipaza sauti viwili au vitatu. Itakuwa kazi kuandika nani kasema nini, na anayefanya kazi hiyo atalalamika. Alalamike. Kahawa iwepo, na kashata au haluwa, na muda usiwe wa saa moja.

Kwa wanawake hili ni zaidi. Habari za unyago, za makungwi, za uzazi na za ndoa zina wenyewe. Mwanamume asizifuate, wala binti asiyehusika asizilazimishe. Wakiamua kina mama kwamba jambo fulani litasemwa wao kwa wao na litahifadhiwa wasikilize wanawake tu, hilo ni sharti, nasi tulitimize.

La pili ni lugha. Kama mjukuu hajui Kiswahili vizuri, asione haya. Aje na shangazi au jirani anayekijua, yeye ashike mashine na asikilize. Kiswahili chenyewe nacho kiachwe kilivyo. Mzee wa Pemba aseme Kipemba, Mkongo aseme Kingwana chake chenye Kifaransa ndani, na wale jamaa zetu Wahindi wa Harrow na Wembley waseme vile wanavyosema. Watu wapatao 28,000 walikuja nchi hii Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 mwaka 1972, na mpaka leo jikoni mwao muhogo ni mogo na sufuria ni sufuria. Wengi wa wazee hao wana Kiswahili ambacho hawajaulizwa kitu kwacho tangu waliposhuka Stansted.

La tatu ni maswali. Acheni kuanza na kwa nini ulikimbia. Anzeni na mlango wa nyumba. Mlango ulielekea wapi? Ukitoka hapo mkono wa kulia ni kwa nani? Nani alikuwa akiuza maandazi? Ada ya chuoni ilikuwa kiasi gani? Leteni picha, leteni kanga yenye jina lake, leteni pasipoti ya zamani. Na mzee akinyamaza, nanyi nyamazeni. Mara nyingi jambo kubwa hufuata ukimya, na vijana wa siku hizi huuogopa wakaufukuza kwa swali jingine.

Kuna mambo yatakayotugawa, na ni vyema tuyaseme. Katika ukumbi huu wapo waliopoteza jamaa katika Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, na wapo ambao kwao siku ile ni ya ukombozi. Mwaka 2009 Thomas Burgess alitoa kitabu kilichoweka pamoja kumbukumbu za Ali Sultan Issa, mwanamapinduzi aliyewahi kuishi hapa London katika miaka ya 1950, na za Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani. Wawili hao wanaitazama historia moja kwa macho mawili, na kitabu hakikuwapatanisha. Nadhani hiyo ndiyo njia. Asiwepo wa kusuluhisha simulizi. Tuziweke zote mbili, kila moja na jina la mwenyewe na siku aliyoisema, na mwenye kusikiliza baada yetu azipime. Wapo wanaosema tuwaache kwanza wazee waliotenda maovu wasirekodiwe. Sikubaliani nao. Ukimya wao ukifika kaburini hautamsaidia aliyedhulumiwa.

Halafu kuna kaseti. Hili linanikosesha usingizi. Zamani, simu ya ng'ambo ikiwa ghali na barua ikiwa haitoshi, watu wetu wa London, Dubai, Maskati, Mombasa na Unguja walikuwa wakitumiana kaseti zilizorekodiwa. Upande wa kwanza mama anamsalimu mwanawe, anamtajia waliofariki na waliooa. Upande wa pili jirani anaingia, mtoto anaimba, adhana inasikika, mara kaseti inakatika katikati ya neno. Hakuna aliyekuwa anahojiwa. Hakuna afisa. Kwa hoja niliyoileta kwenu leo, hizo ndizo rekodi zenye thamani kubwa kuliko zote tutakazozifanya, na zimo ndani ya mifuko ya plastiki juu ya makabati ya Newham na Barking. Utepe wake unachakaa na mashine za kuuchezea zinakwisha. Maktaba ya taifa ya sauti na filamu ya Australia ilionya mwaka 2015 kwamba yaliyomo kwenye kanda yasiyohamishwa kufikia 2025 huenda yasipatikane tena kabisa. Mwaka huo ulipotajwa tuliuona uko mbali.

Kwa hiyo msiichezeshe kaseti ya zamani kwenye redio mliyoinunua sokoni jana. Ikikwama itakata utepe. Ileteni kwa mtu mwenye deki iliyosafishwa. Rekodi mpya zifanywe katika faili la WAV, sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 24. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mzuri kwa salamu, lakini umebanwa na hauwezi kurudishwa ulivyokuwa. Zimeni friji kabla ya kuanza, isivume ndani ya rekodi, na kumbukeni kuiwasha.

Na nakala zisikae mahali pamoja. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandaoni waliishambulia British Library, yenye moja ya hazina kubwa za sauti duniani, na kwa miezi mingi watu hawakuweza kuzifikia rekodi zake kupitia mtandao. Kama maktaba ile ilifungika, simu ya mjukuu itasalimikaje? Napendekeza nakala tatu. Moja ibaki kwa familia. Moja iwe hapa London, katika taasisi itakayokubali masharti yetu kwa maandishi. Ya tatu irudi kwao: Nyaraka za Taifa Zanzibar, au Mombasa, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa Wabarawa, ambao mji wao ulishikwa na al-Shabaab hadi Oktoba 2014 na hali yake haijatulia, nakala ya tatu iwekwe Mombasa, mji uliowapokea, mpaka wao wenyewe waseme vingine.

Mwisho ni idhini. Msimuliaji ndiye mwenye simulizi. Ataamua kama jina lake litajwe, nani asikilize, na kama sehemu fulani ifungwe mpaka watu fulani wawe wameshafariki. Akibadili nia mwakani akataka ifutwe, ifutwe, hata kama mtafiti amekwisha kuinukuu. Hati ya idhini ya Kiswahili iko kwenye meza karibu na mlango, chukueni msome nyumbani. Ya Chimiini bado iko kwa kina mama wa Barnet. Tuliyoiandika sisi wameirudisha kwa sababu aya yake ya kwanza, walisema, inasomeka kama barua ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na sasa wanaandika nyingine wenyewe.